Muziki Uje Nyumbani, Lakini kwa Bei Gani?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni mambo ya wivu na simu za usiku, tuzungumzie ugomvi ambao upo kwenye nyumba nyingi lakini haupelekwi kwa mashangazi wala kwa wasimamizi wa ndoa. Ni ugomvi wa muziki. Baba anataka kitu kizito kinachotikisa bati, mama anataka kusikia maneno ya wimbo. Baba ananunua bila kuuliza, mama anashtukia boksi limeingia mlangoni wakati viatu vya shule vya mtoto vimetoboka. Hapo ndipo kasheshe inapoanza, na asikwambie mtu, wapo wanaolala mzungu wa nne kwa sababu ya sabufa.

Mwezi Juni nilikwenda Bariadi kumsalimia shoga yangu tuliyesoma naye chuo. Yeye na mumewe wana kiduka cha stationery pale mjini, na mume analima pamba upande wa Itilima. Ukitaka kuielewa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, uielewe pamba kwanza. Pesa inaingia kwa msimu. Ununuzi ukifunguliwa mwezi Mei mji unachangamka, maduka ya simu, bati na redio yanajaa watu, na pesa hiyo hiyo inatakiwa ikufikishe hadi msimu mwingine. Kwa hiyo mtu akikuuzia kimeo mwezi wa sita, utakaa nacho mwaka mzima ukikitazama.

Mume alikuwa ametenga laki mbili na nusu kwa ajili ya muziki wa kuunga kwenye kompyuta yao ya nyumbani, ambayo ndiyo televisheni yao, ndiyo redio yao na ndiyo sinema yao. Vispika vilivyokuwepo vilikuwa vinalia kama nyuki kwenye kopo. Nilidhani shoga yangu angepinga, kumbe ndiye aliyekuwa akichochea.

“Shoga, huyu mwanaume akifunga duka haingii ndani,” aliniambia tukiwa jikoni. “Anakwenda kukaa baa, anasema kule kuna muziki. Mimi nasema bora muziki uje nyumbani.”

Nilimwambia ukweli kama ninavyowaambia ninyi: spika haimrudishi mume. Kama anachokikimbia ni maneno yako au madeni, hata umletee bendi nzima sebuleni ataondoka. Lakini kama kweli mtu anapenda muziki na nyumbani hakuna, hilo linarekebishika. Tatizo lao lilikuwa jingine. Baba alishachagua. Dukani aliona boksi jipya linalong'aa taa za bluu na nyekundu, limeandikwa wati elfu kumi.

Wati elfu kumi! Hebu tufikiri pamoja. Pasi ya umeme inakula wati elfu moja na kidogo. Sasa hiyo sabufa ina nguvu ya pasi nane, tisa, na waya wake ni mwembamba kuliko wa pasi? Ukiangalia vizuri utaona karibu na namba hiyo herufi PMPO. Hiyo ni hesabu ya biashara, haipimwi kwa utaratibu wowote unaoeleweka. Namba ya kuaminika kidogo ni ile yenye herufi RMS, na mara nyingi imefichwa nyuma ya boksi kwa maandishi madogo, na ni ndogo ajabu.

Na ndogo inatosha. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja tu, ukakaa mita moja mbele yake, inatoa sauti ya desibeli 85 hadi 90. Hapo ukitaka kuongea na mwenzako unapaza sauti. Ukiongeza nguvu maradufu, sikio linasikia nyongeza kidogo tu, desibeli tatu. Ili muziki usikike umezidi mara mbili unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa hiyo kwenye sebule ya hatua nne kwa tano, amplifaya ya wati 20 kila upande ni sherehe. Zaidi ya hapo unamnunulia jirani.

Siidharau sabufa, jamani. Kwa mtu anayetaka kuchomeka flashi na kusikia bezi inamsaidia. Ila kwenye hizi za bei rahisi, amplifaya imejengwa ndani ya lile boksi, na fundi anapoifungua mara nyingi hapati kifaa cha kubadilisha, basi linabaki meza ya kuwekea maua.

Njia niliyowashauri ni ya vitu vilivyotumika: spika mbili za mbao na amplifaya yake pembeni. Miaka ya 1980 na 1990 Wajapani kama Pioneer, Technics, Sony, Kenwood na Aiwa walitengeneza vyombo hivi kwa wingi, na vingi bado vinapiga. Mahali pa kuanzia si duka. Nenda kwa fundi redio, utazame rafu yake ya juu yenye vumbi. Pale kuna spika yatima. Redio kubwa ya kaseti na CD ilikufa upande wa kaseti, mwenyewe akaitelekeza, spika zake zikabaki nzima kabisa. Hazina taa na hazijapakwa rangi mpya, kwa hiyo hakuna anayezigombania.

Kitu kimoja mkielewe vizuri kwanza, maana hapa wengi wanaliwa. Kuna spika zinazochomekwa ukutani, hizo zina amplifaya yake ndani na zinaungwa kwenye kompyuta moja kwa moja. Na kuna spika tupu, zenye nyaya mbili tu nyuma, nyekundu na nyeusi. Hizi tupu usiziunge kwenye kompyuta. Tundu la hedifoni halina nguvu ya kuzisukuma, utasikia mnong'ono na utadhani umeuziwa mbovu. Ndiyo maana ya kuwa na amplifaya katikati.

Basi tukaenda, mimi, shoga yangu na mumewe. Nilisisitiza twende wote. Kitu kinachokaa sebuleni kinunuliwe na masikio yote ya sebuleni. Fundi tuliyemkuta ni mzee mtaratibu, tukaamkiana mwangaluka, akatushushia jozi tatu.

Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho. Nikafungua kitambaa cha mbele, nikagusa ule ukingo unaoshika karatasi ya duara. Ukapukutika kama mkate mkavu. Ukingo wa sponji ndivyo ulivyo, ukipita miaka 15 au 20 unaoza wenyewe hata kama spika haikupigwa. Ukingo wa mpira au wa kitambaa unadumu zaidi. Unaweza kubadilishiwa, lakini uwe na fundi anayejua na vifaa vya kipimo hicho hicho. Tukaiacha.

Ya pili nikaisukuma karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikakwaruza, krrr. Maana yake koili ya ndani imeungua au imekwenda upande. Hiyo hata ukipewa bure usibebe.

Ya tatu ikaingia na kurudi kimya. Mzee akachukua betri ndogo ya volti moja na nusu, akagusisha nyaya kwa sekunde moja, ikalia “tak” na karatasi ikaruka. Akapima kwa mita, ikasoma kama sita. Mume akaruka: “Nyuma imeandikwa nane, mbona sita?” Mzee akacheka. Spika ya omu nane ukiipima na mita husoma pungufu kidogo, sita au karibu na hapo, ndiyo kawaida yake. Mita isiposogea kabisa ndiyo ujue waya umekatika ndani. Na hizo omu msizipuuze. Amplifaya ikiandikwa nyuma kwamba inataka spika za omu nane, ukaiwekea za nne, inabeba mzigo kuliko uwezo wake, inachemka, na siku ya sherehe inazima.

Kwenye amplifaya ndiko nilikokuwa mkali. Kitu cha kwanza si sauti, ni maandishi ya nyuma yanayotaja umeme. Sisi tunatumia volti 230. Japani majumbani wanatumia volti 100, Marekani 120. Mtumba wa Japani unaingia nchini ukiwa safi kabisa, umefutwa vumbi, umekatwa plagi ya kwao na kuwekwa ya kwetu. Ukiuchomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, unasikia harufu ya kuungua kabla ya wimbo kuanza. Palikuwa na amplifaya moja ya kuvutia kweli, ya rangi ya fedha, mume keshaikumbatia. Nikaigeuza: AC 100V. Transfoma inapatikana, lakini nayo ni pesa, na ni kitu kingine cha kusahau siku mgeni anapokusaidia kuhamisha vyombo. Tukachukua nyeusi isiyo na mvuto, imeandikwa 220–240.

Tukaiwasha bila spika kwanza, tukanusa. Ikakaa kama sekunde tatu ikalia “tik” ndani. Kwenye amplifaya nyingi za zamani mlio huo ni swichi ya ulinzi inayofungulia njia ya spika baada ya kuhakikisha mambo ni salama. Usipousikia kwenye chombo cha aina hiyo, kaa chonjo. Kisha tukaunga spika mbovu za fundi, ili kama kuna cha kuungua ziungue hizo. Volyumu ilikuwa inakwaruza ukiizungusha. Hilo lisikutishe, ni vumbi, na Bariadi kwa vumbi la kiangazi hakuna chombo kitakachosalimika. Fundi anapuliza dawa, anazungusha mara ishirini, limekwisha. Ila tumia mkwaruzo huo kupunguzia bei.

Ukifika muda wa kusikiliza usikubali wimbo wa muuzaji. Ana wimbo wake mmoja wenye bezi nyingi unaofunika ubovu wote. Mume alikuja na nyimbo za Kisukuma kwenye flashi, ngoma na vigelegele, nzuri kwa kujua kama spika inavumilia. Shoga yangu akataka Mbaraka Mwinshehe, marehemu baba yake alimpenda. Mbaraka alifariki mwaka 1979, na rekodi za wakati ule hazina bezi ya kukuhadaa, ni sauti ya mtu na gitaa lake. Gitaa likisikika kama linapigwa ndani ya ndoo, spika hiyo hapana. Sogeza sikio pia kwenye kile kispika kidogo cha juu, maana kikifa wengi hawagundui. Sauti inakuwa nzito tu, wanadhani ndiyo uzuri.

Mzee alitaja bei, tukakaa. Spika elfu 70, amplifaya elfu 90, waya elfu tano. Tukakubaliana wiki moja ya kurudisha, akaandika kwenye risiti kwa mkono wake. Ilibaki elfu 85, na nilifurahi kuona mume mwenyewe ndiye aliyeihesabu akampa mkewe pale pale, bila kuombwa, kwa ajili ya viatu vya shule. Dakika ile ilinifurahisha kuliko muziki.

Kuunga ni kazi ya dakika tano. Waya una jeki ndogo upande mmoja, unaingia tundu la kijani la kompyuta au la hedifoni. Upande wa pili una vichwa viwili, chekundu na cheupe, vinaingia nyuma ya amplifaya palipoandikwa AUX, CD au TAPE. Pakiandikwa PHONO ruka, pale ni pa kinanda cha santuri, sauti itatoka imepasuka. Nyekundu ya spika iende kwenye nyekundu ya amplifaya, kwa zote mbili. Ukigeuza moja, bezi inapotea na utamlaumu fundi wa watu. Sauti ya kompyuta weka juu karibu ya mwisho, kisha upunguze na kuongeza kwa kitufe cha amplifaya. Umeme ukikatika chomoa kabisa, usubiri urudi na kutulia.

Jioni ile mume alikaa. Walisikiliza hadi saa nne, baadaye wakaweka filamu, na mimi nikaenda kulala nikiwaacha wanabishana nani alianza kuipenda ile nyimbo ya harusi yao. Ya jioni iliyofuata siyajui, nilipanda basi la asubuhi kwenda Lamadi kushika barabara ya Mwanza.

Ila kabla sijaondoka nilikuta shoga yangu ameshavitandika vitambaa vyake vya kufuma, vyeupe vyenye maua ya waridi, kimoja juu ya kila spika na kikubwa juu ya amplifaya. Vya spika nikaviacha, vimependeza. Cha amplifaya nikakiondoa mwenyewe. Yale matundu ya juu ndiyo pua yake, inatoa joto, na ukiiziba inajipika. Alikikunja, akakipeleka kwenye jokofu.