Mbegu za Kuotesha: Tafuta Kwenye Kihenge



Mwezi huu tumepata barua kutoka Ushirombo, makao makuu ya wilaya ya Bukombe. Imeandikwa na mama mwenye watoto wanne. Mtoto wake mdogo ana miezi 8. Mama huyu alisikia kliniki kwamba nafaka iliyooteshwa ni nzuri kwa uji wa mtoto. Alisikia pia kwamba choroko zilizooteshwa ni mboga wakati wa kiangazi. Akaenda dukani kutafuta mbegu. Akauziwa pakiti ndogo kwa bei kubwa. Alipofika nyumbani akaifungua, akakuta mbegu zote nyekundu, kama zimepakwa rangi.

Anauliza mambo mawili. "Je, nikiziosha mpaka rangi itoke, naweza kuziotesha na kula? Na mbegu za bei nafuu nitazipata wapi?"

Mama, tunakushukuru kwa kuuliza kabla ya kula.

Swali la kwanza tunalijibu kwa neno moja: hapana. Usizioteshe ili kula. Usiwape kuku wala nguruwe. Mbegu hizo zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu zikiwa ardhini. Ni mbegu za kupanda shambani tu. Wenye kutengeneza mbegu hutia rangi kwa makusudi, ili kila mtu aone kwa macho kwamba kitu hiki si chakula. Rangi inaweza kuwa nyekundu, kijani, au buluu. Ukiosha, rangi itatoka. Dawa haitoki yote.

Labda unasema, "Mbona ni kidogo tu, itanidhuru nini?" Basi sikiliza habari ya Iraki.

Mwaka 1971 Iraki ilikuwa imepatwa na ukame. Serikali ya huko iliagiza ngano ya mbegu kutoka Meksiko na Marekani. Ngano ile ilikuwa imepakwa dawa yenye zebaki, ikatiwa rangi nyekundu. Magunia yalikuwa na maandishi ya kuonya watu. Lakini maandishi yale yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Wakulima wa Iraki lugha zao ni Kiarabu na Kikurdi, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Tena ngano ilichelewa. Ilipofika vijijini, watu wengi walikuwa wamekwisha kupanda. Nyumbani chakula kilikuwa kidogo, na ngano ipo ndani ya gunia.

Watu wengine waliiosha. Waliona maji mekundu yanamwagika, wakadhani sumu imekwisha. Wengine walikuwa waangalifu zaidi. Waliwapa kuku kwanza, wakangoja siku chache. Kuku hawakufa. Basi wakasaga, wakaoka mikate, wakala pamoja na watoto wao. Sumu ile haionyeshi dalili upesi. Zilipita wiki kadhaa. Ndipo watu wakaanza kufa ganzi mikononi na miguuni. Wakayumba kama walevi. Wengine wakapofuka. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifia humo. Waliofia majumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Wasomaji wa Bukombe, Mbogwe, Kahama na Geita mnaijua zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu. Ile ya kwenye ngano ilikuwa ya namna nyingine, iliyochanganywa na kitu kingine ili iwe dawa, lakini asili yake ni zebaki. Dawa za mbegu za siku hizi si zile za zebaki. Hata hivyo, ni sumu, na hakuna mwenye duka atakayekuambia kwamba zimetengenezwa kwa kuliwa.

Hapa tuongeze jambo moja, kwa kuwa tunazungumza na watu wa machimbo. Beseni au ndoo iliyotumika kuoshea dhahabu kwa zebaki usiilowekee nafaka, hata ukiisugua kwa mchanga na sabuni. Chupa na makopo ya dawa ya pamba ni vivyo hivyo. Gunia lililoletwa na mbegu za pamba usilitandaze chini ya nafaka ya kuotesha. Nafaka inayolowa hunyonya maji, na hunyonya pia kilichomo ndani ya maji.

<b>Mbegu nafuu ziko wapi?</b>

Sasa swali la pili. Mama, mbegu unayoitafuta haiko kwenye pakiti. Ni chakula kilekile unachokula kila siku. Mtama ni mbegu. Ulezi ni mbegu. Choroko na kunde ni mbegu. Punje nzima, kavu, isiyokaangwa wala kuchemshwa, ikipata maji na joto itaota. Kwa hiyo anza kutazama kwenye kihenge chako mwenyewe.

Kama kihenge ni kitupu, nenda kwa mama anayepika pombe ya kienyeji. Tunajua wengine watacheka. Lakini fikiri vizuri. Mama huyu hutumia kimea, na kimea ni nafaka iliyooteshwa. Nafaka isipoota, pombe yake inaharibika na fedha yake inapotea. Kwa hiyo anajua mtama wa nani unaota vizuri na wa nani umeharibika. Muulize alinunua wapi. Unaweza hata kumwomba akuuzie kopo moja la mtama ambao hajaulowesha.

Mahali pengine ni sokoni au mnadani, kwa wauza nafaka. Nunua kwa kopo au sado, si kwa pakiti. Bei huwa chini wakati wa mavuno, nayo hupanda kadiri miezi inavyokwenda. Mwenye akili ya nyumba hununua choroko wakati kila mtu anauza. Kama fedha ni kidogo, wanawake watatu au wanne wanaweza kuchanga, wakanunua debe moja na kugawana.

Ukifika kwa muuzaji, uliza swali hili: "Umetia dawa ya kuhifadhi?" Wakulima na wafanyabiashara wengi huchanganya nafaka na dawa ya unga ili isibunguliwe. Dawa hizo zina muda wake wa kungoja kabla ya kula, na muda huo umeandikwa kwenye kifuko cha dawa. Kama muuzaji hajui ilitiwa lini, mwache, nenda kwa mwingine. Ukiona punje zina vumbi jeupe lisilo la kawaida, au zina harufu kali, usinunue hata kama bei inapendeza.

Usinunue choroko zilizopasuliwa au kukobolewa. Hizo ni nzuri kwa kupika, lakini haziwezi kuota. Zenye matundu ya wadudu pia nyingi hazioti, kwa sababu mdudu hula kile kiini ambacho ndicho mche wa baadaye.

Kabla ya kununua nyingi, jaribu kidogo. Nunua kopo moja. Hesabu punje 20. Ziloweke usiku mmoja, kisha zifunge katika kitambaa safi chenye unyevu. Baada ya siku mbili au tatu fungua uhesabu tena. Zikiota 18 au zaidi, rudi ukanunue. Zikiota chini ya 15, pika zile zilizobaki kama chakula cha kawaida, ila usizitumie kwa kuotesha. Punje zisizoota huoza katikati ya zile nzuri, na uozo huenea.

<b>Kimea cha uji wa mtoto</b>

Kwa nini tujisumbue? Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Ukimpikia uji mwepesi, anashiba maji. Ukimpikia mzito, anashindwa kuumeza, anautema. Kimea huondoa tatizo hilo. Nafaka inapoota hutengeneza ndani yake kitu kinachoitwa kimeng'enya, ambacho huvunja wanga. Uji mzito ukitiwa kimea huwa mwepesi bila kuongezwa maji. Unga ni uleule, lakini mtoto anaweza kuumaliza.

Jambo hili halikutoka mbali. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe wa hapa Tanzania walilichunguza. Walifanya kazi katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa, na matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Walichukua ujuzi wa kina mama wapika pombe, wakauleta kwenye sufuria ya mtoto.

Fanya hivi. Chagua mtama au ulezi, toa mawe na punje mbovu, osha. Loweka usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji, tandaza juu ya kitambaa safi, funika kwa kitambaa kingine chenye unyevu. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimea vitatokeza. Vikifika urefu wa ukucha, anika juani mpaka vikauke kabisa.

Sasa, kama ni mtama, hapa usifanye haraka. Sugua punje kwa viganja mpaka mizizi na machipukizi yote yakatike, kisha pepeta uyatupe. Wafugaji wanajua sababu. Ng'ombe akiingia katika shamba la mtama mchanga anaweza kufa siku hiyohiyo. Chipukizi la mtama lina sumu. Sumu hiyo imo pia katika chipukizi dogo la kimea. Ukiliondoa, na ukapika vizuri, hatari huondoka. Usile kamwe mtama ulioota ukiwa mbichi. Ulezi hauna shida hiyo, na kama unapata ulezi, sisi tunaupenda zaidi kwa mtoto.

Saga, uweke unga wa kimea katika kopo lenye kifuniko.

Siku ya kupika, pika uji mzito wa unga wa kawaida mpaka uive. Epua, uache upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiotokota. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa bakuli moja la uji. Koroga. Ngoja kama dakika 10. Utauona unalegea wenyewe. Rudisha motoni uchemke tena, kwa sababu unga wa kimea ulikuwa haujapikwa. Kisha mpe mtoto. Ukiweza kutia karanga zilizosagwa au maziwa, ni vizuri zaidi. Na endelea kumnyonyesha.

Kama kimea kimeota ukungu au kinateleza na kunuka, tupa chote. Ukungu wa nafaka huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yenye ukungu.

<b>Choroko</b>

Choroko ni rahisi zaidi. Zioshe, loweka usiku mmoja, mwaga maji, ziweke ndani ya kitambaa au kikapu kidogo safi, funika. Suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, asubuhi na jioni. Siku ya tatu ziko tayari. Choroko kavu karibu haina vitamini C, lakini ikiota hutengeneza. Kwa hiyo katika miezi ile ambayo mchicha umekauka na tunakula michembe na mboga kavu, hii ni mboga mbichi bila shamba. Usidanganyike, ukiona zimejaza sufuria, sehemu kubwa ni maji. Lakini huiva upesi kuliko choroko kavu, na kuni zinapungua.

Zipike. Katika miji mikubwa watu huzila mbichi, lakini joto na unyevu unaootesha mbegu huzalisha vijidudu pia. Mwaka 2011 huko Ujerumani zaidi ya watu 50 walikufa kwa machipukizi mabichi ya uwatu. Kaanga vitunguu na nyanya, tia choroko, tia maji kidogo, zichemke. Maharage pia huota, lakini yanataka kuchemka sana, na kwa anayeanza hatuyashauri.

Mama wa Ushirombo, ile pakiti nyekundu usiitupe. Ipande mvua zikija, ni mbegu nzuri kwa kazi yake, na nawa mikono kwa sabuni baada ya kuishika. Mpaka siku hiyo iweke mbali na jiko, juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Chukua karatasi uandike kwa mkono wako: SUMU, MBEGU YA KUPANDA. Ibandike kwenye pakiti. Na kwenye kopo la unga andika: KIMEA. Kisha mwite mtoto wako mkubwa anayesoma shule, akusomee yote mawili kwa sauti.