Kumwokoa si Kumtwaa

Huruma ni sifa njema, lakini huruma isiyo na elimu huweza kuua kama jiwe. Neno hili nalisema mapema ili usije ukanidhania kuwa nawatetea wapigao vinyonga. Siwatetei hata kidogo. Katika insha hii nakusudia kuwapinga watu wa namna mbili: yule ampigaye kinyonga kwa jiwe, na yule amwokoaye kinyonga katika jiwe, kisha akamtia ndani ya mkebe na kumwita wake. Wa kwanza amekwisha kulaumiwa sana. Wa pili husifiwa, na kwa kuwa husifiwa, hapana amwonyaye. Huyo ndiye nitakayeshughulika naye zaidi.

Hapa Dundori, juu ya mji wa Nakuru, ardhi imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Wakati wa mvua, ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na kabichi hata jua lipande. Asubuhi moja ya namna hiyo wanafunzi watatu waliniletea kinyonga mpevu ndani ya mkebe wa biskuti. Walimkuta kando ya barabara, amezungukwa na watoto wadogo wenye mawe mikononi. Waliwatawanya watoto, wakamwokota, wakaja naye mbio. "Mwalimu," wakasema, "tumemwokoa. Twaomba ruhusa tumweke darasani tumlee." Nyuso zao ziling'aa kwa furaha ya mtu aliyetenda wema. Nikawaambia kwamba wamefanya vizuri, lakini ruhusa ya kumweka sitawapa. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Kwani mwalimu, ingefaa auawe?" Swali lile halikuwa la utovu wa heshima. Lilistahili jibu kamili, na insha hii ndiyo jibu langu.

Kwanza na tumwulize mrusha jiwe sababu ya chuki yake. Atakuambia kwamba kinyonga ana sumu, au kwamba ana mkosi. Atakuhadithia pia kisa kisimuliwacho kwa namna nyingi katika makabila mengi ya Kibantu: kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu kuwa hawatakufa kabisa, kinyonga akakawia njiani, au akababaika katika kusema, na mjumbe mwingine mwepesi akamtangulia na habari ya mauti. Hadithi hiyo ni nzuri, nami naipenda. Lakini hadithi ya kueleza asili ya mauti si hati ya mashtaka. Wazee waliotunga kisa kile walikuwa wakitafakari jambo zito kuliko yote, yaani kwa nini mtu hufa. Hawakuwa wakiwaagiza watoto waokote mawe. Ama habari ya sumu, ni uongo mtupu. Hapana kinyonga hata mmoja duniani mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Akishikwa kwa nguvu huvimba, hufumbua kinywa na kutoa sauti ya kufoka, maana anaogopa. Mwenye kumwua kiumbe kwa sababu kimemwogopa hana haki ya kujiita shujaa.

Sasa na tumgeukie mwokozi mwenye mkebe. Huyu hana chuki, ana mapenzi. Lakini je, amjua ampendaye? Katika nyanda za juu za Kenya wamo vinyonga ambao wataalamu wamewapa majina ya wageni. Mmoja huitwa kwa jina la Ludwig von Höhnel, aliyepita nchi hizi pamoja na Count Teleki mwaka 1887 na 1888. Mwingine, ambaye dume lake lina pembe tatu, huitwa kwa jina la Frederick Jackson. Viumbe hawa walikuwako kabla ya majina hayo, na maumbile yao yamefuata baridi ya nchi hii. Vinyonga wengi hutaga mayai na kuyafukia ardhini. Hawa wa milimani huzaa watoto hai. Jike huwabeba watoto mwilini mwake kwa miezi kadhaa, akiota jua mchana ili wapate joto ambalo udongo wa milimani usingeweza kuwapa. Basi umfungiapo jike kivulini, huenda humfungi mmoja tu.

Tazama pia namna anavyoishi. Macho yake huzunguka kila moja kwa njia yake. Ulimi wake hufika mbali kupita urefu wa mwili wake. Miguu yake imegawanyika kama koleo, kwa kushika matawi, wala si kwa kutembea juu ya bati. Rangi yake, ambayo sisi tumeifanya mfano wa unafiki, haibadiliki kwa kudanganya. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, walipomchunguza kinyonga wa Madagaska, walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake zimo chembe ndogo sana mfano wa fuwele. Zikiachana au kukaribiana, mwanga huakisiwa kwa rangi nyingine. Asubuhi ya baridi kinyonga hujitia weusi ili avute joto la jua. Akiwa na hofu au hasira hugeuka tena. Rangi yake ni hali yake. Kama tungalijua kuisoma, tungaliona kwamba kinyonga mweusi ndani ya mkebe analalamika.

Haya sikuyajua zamani, na ujinga wangu ulikuwa na gharama. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nilimwokoa kinyonga katika kundi la watoto. Nikamtengenezea nyumba ya sanduku la sabuni lililofunikwa wavu. Nikamwekea maji katika kisahani na panzi watatu kila siku, nikajisifu mbele ya wenzangu. Panzi aliwala siku mbili, kisha akaacha. Maji hakuyagusa kamwe. Sikujua kwamba kinyonga hunywa matone ya umande na mvua yaliyo juu ya majani. Maji yaliyotulia katika chombo ni kama hayapo machoni pake. Macho yake yakazama. Siku ya tisa nilimkuta amelala chini, jambo ambalo kinyonga mzima halifanyi. Alikufa kwa kiu, na maji yalikuwa umbali wa shibiri moja naye. Hakuuawa na jiwe la mtoto asiyejua kitu. Aliuawa na mwalimu mtarajiwa aliyejiona mwema.

Yamkini wewe utasema, "Lakini watu wa Ulaya na Marekani hufuga mijusi majumbani, na mijusi hao hunenepa." Ni kweli. Yuko mjusi mmoja wa Australia, mwenye miiba laini shingoni, aitwaye mjusi mwenye ndevu, kwa sababu aghadhibikapo huvimbisha koo lake likawa jeusi kama ndevu. Australia imekataza wanyama wake wa asili kuuzwa nje kwa biashara. Wale wauzwao mijini ng'ambo wamezaliwa kizuizini, na wazazi wao kadhalika. Mjusi huyo huishi miaka 10 na zaidi. Hununuliwa mtoto, mdogo kama kidole, naye hukua hata akafikia nusu mita. Ndipo mwenyewe huchoka. Maana mjusi huyo ataka taa ya joto, upande mmoja wa nyumba yake ufikie kama digrii 40 na upande wa pili uwe wa baridi. Ataka taa nyingine yenye miali ya urujuanimno, la sivyo mifupa yake hulegea na kupinda. Ataka wadudu hai, na majani mengi zaidi awapo mpevu, na unga wa chokaa juu ya chakula chake. Wengi huachwa, nao hawawezi kufunguliwa mlango waende zao, kwa kuwa baridi ya nchi zile huwaua. Mtu amchukuaye mjusi mpevu wa namna hiyo, akajua gharama zake na kumtunza miaka yote iliyosalia, anatenda haki. Nampa heshima zangu.

Lakini sikiliza tofauti, maana hapa ndipo hoja yangu yote inaposimama. Mjusi yule hana kwao pa kurudi. Kinyonga wa Dundori anapo kwao, napo ni hapo hapo uani, hatua 20 kutoka mahali ulipomwokota. Yule hulelewa kwa sababu mwanadamu alikwisha kumnyang'anya nchi yake. Huyu wetu hajanyang'anywa bado, na wewe, kwa jina la huruma, wataka kuwa wa kwanza kumnyang'anya. Kufuata desturi ya wenzetu bila kuuliza chanzo chake ni kuvaa koti la mtu mnene: litakufunika, lakini halitakukaa.

Tena tendo dogo la mtu mmoja huwa na wafuasi. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu, makumi kadhaa, walichukuliwa kutoka Kenya hadi visiwa vya Hawaii kwa biashara ya wanyama wa nyumbani. Walifika wamekonda na wamekauka kwa safari. Mwenye duka, kwa kuwahurumia, akawafungulia bustanini mwake wapate nguvu. Walipata nguvu, wakaenda zao, wakazaana, na hata leo wanakula wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile. Hiyo nayo ilikuwa huruma. Hapa kwetu biashara ya kuwauza nje ilipigwa marufuku mwaka 1981. Wala usidhani mambo hayo yamekwisha. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kukusanya sisimizi wa porini. Wawili wao walikuwa vijana wa miaka 19 kutoka Ubelgiji, waliokutwa katika kaunti hii yetu ya Nakuru na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Walijitetea kwamba hawakujua kuwa ni kosa. Nawe usije ukasema hivyo, maana sasa umesoma: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali, na sheria haikusema kwamba mnyama mdogo si mnyama.

Lipo pingamizi moja lenye nguvu, nami sitalikwepa. Ni lile la mwanafunzi wangu: "Tukimwachia leo, kesho watoto watamwua." Huenda ikawa hivyo. Lakini angalia linatupeleka wapi. Kama hatari ya jirani ni sababu ya kumfunga asiye na hatia, basi na tuwafunge vinyonga wote wa Dundori, na watoto tuwaache na mawe yao. Penye wizi hatumfungi mwenye mali. Kazi iliyo ngumu ni kumwendea mtoto yule, kumketisha, kumwonyesha jicho lizungukavyo na ulimi urukavyo, na kumweleza kwamba mdudu alaye majani ya shamba la mama yake huliwa na kinyonga huyu bila malipo. Kumtia kinyonga katika mkebe ni rahisi kuliko kutia neno katika moyo wa mtu. Ndiyo sababu wengi wetu huchagua mkebe.

Basi ufanyeje umwonapo kinyonga hatarini? Usimvute tawini, maana kucha zake hushika kwa nguvu na vidole huumia. Mwekee kijiti mbele yake, naye atapanda mwenyewe. Mpeleke katika ua au kichaka cha karibu, kilicho mbali na barabara na na mashamba yanayonyunyizwa dawa. Usimhamishe kijiji. Akiwa amejeruhiwa, wapashe habari maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maana uganga wa kubahatisha si uganga. Kisha rudi nyumbani mikono mitupu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe la kinyonga ni tawi lake.

Ikiwa moyo wako una kiu ya kulea, kiu hiyo ni njema, wala sitaki ikauke. Tazama punda mzee aliyeachwa kando ya njia baada ya kuvuta mikokoteni ya viazi miaka mingi. Tazama mbwa aliyetupwa sokoni. Hao hawana pori la kurudia. Tangu kale wamekaa nasi, na deni lao liko juu yetu. Mchukue mmoja wao, umpe maji, kivuli na dawa, si wiki moja bali maisha yake yote. Huko ndiko kulea. Kadhalika kumbuka kwamba vyama vya wanyamapori vya shule zetu vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule za sekondari. Walikuwa na umri wako.

Wanafunzi wangu watatu walimpeleka kinyonga yule katika ua wa kayaba nyuma ya darasa. Aliwachukua robo saa nzima kuhama kutoka kijitini hadi tawini, akinyosha mguu na kuurudisha, mpaka kengele ikalia na hapana aliyeondoka. Baadaye waligawana zamu za kusimama pale wakati wa mapumziko ili kuwaeleza wadogo zao. Sijui kama wangali wakimwona; mimi nimemtafuta mara nyingi nisimwone, na kila nisipomwona hufurahi. Mwokozi wa kweli hujulikana kwa jambo hili, kwamba baada ya kuokoa hadai chochote, hata shukrani ya kutazamwa.