Uvumilivu ni mwema, lakini maumivu si kipimo cha imani

Je, umewahi kukesha kando ya kitanda cha mtu ambaye saratani imemfika mifupani? Kama umewahi, basi unajua kwamba usiku wake hauishi. Akilala chali anaumia, akigeuka anaumia, hata shuka ikivutwa anaumia. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Miaka michache iliyopita niliitwa nyumbani kwa mama mmoja huko Eastlands, hapa Nairobi. Saratani ya matiti ilikuwa imeenea hadi kwenye uti wa mgongo. Nilimkuta ameketi kwenye kochi, maana kulala alikuwa hawezi. Mezani palikuwa na Biblia na chupa ya mofini aliyopewa hospitalini wiki mbili kabla. Haikuwa imefunguliwa.

Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa upole: "Daktari, Bwana wangu alipewa mvinyo uliotiwa manemane pale msalabani, akaukataa. Mimi ni nani niukimbie msalaba wangu?" Wenzake wa kikundi cha maombi walikuwa wakimsifu kwa ushujaa huo. Binti yake, ambaye ndiye aliyekesha naye kila usiku, alikuwa jikoni akilia.

Mimi mwenyewe ni Mkristo, na siandiki haya ili kuidharau imani ya mama yule. Katika kazi hii nimewaona wagonjwa ambao imani iliwapa nguvu ambazo hakuna sindano iwezayo kuzitia. Mtu anayeamini kwamba hakuachwa peke yake hukubali kuoshwa na mwanawe bila kuona haya, huwasamehe ndugu aliokosana nao, na hata hucheka. Furaha hiyo ipo. Nimeikuta katika vyumba ambamo mimi niliyekuja na mkoba wa dawa ndiye niliyeondoka nikiwa nimefarijiwa.

Hata hivyo, nasema wazi kwamba furaha hiyo haitoki katika maumivu yenyewe. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba dhiki yaweza kumkomaza mtu hadi akapata tumaini, lakini hakuwaambia waitafute dhiki. Yeye mwenyewe alikuwa na mwiba mwilini, na aliomba mara tatu uondolewe kabla ya kuambiwa kwamba neema yamtosha. Tena alimshauri Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Yesu naye, kule Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke kama ingewezekana. Na yule Msamaria mwema hakusimama barabarani kumsifu majeruhi kwa uvumilivu. Alimtia mafuta na mvinyo kwenye majeraha, akayafunga, akamlipia nyumba ya wageni.

Isitoshe, aliyetufundisha sisi madaktari kuwapa wagonjwa hawa mofini kwa utaratibu alikuwa Mkristo thabiti. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka wa 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, mawazo, jamaa na roho. Ukitibu upande mmoja na kuacha mingine, hujamtibu. Mafundisho hayo yalifika kwetu mwaka wa 1990 Nairobi Hospice ilipoanzishwa. Mwaka wa 1993, jirani zetu wa Uganda walipata Hospice Africa Uganda kwa juhudi za Dkt. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa.

Najua si wote wanaoikataa mofini kwa ajili ya dini. Wengine huogopa kwamba watakuwa waraibu, na wengine hudhani ni dawa ya kumwaga mtu. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa saratani anayeitumia kama alivyoelekezwa ni nadra sana kuwa mraibu, na wengi huinywa kwa miezi mingi. Ile ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yapande. Siku za kwanza huleta usingizi. Vilevile hufunga choo, kwa hivyo daktari huandika pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Usiiache ghafla bila kumwuliza daktari, wala usimpe mtu asiyeandikiwa.

Basi nilimwambia nini yule mama? Nilimwomba afungue Marko 15 na kusoma mistari miwili kabla ya ule wa mvinyo. Akasoma habari za Simoni wa Kirene. "Mama," nikamwambia, "Simoni alipoubeba msalaba ule, Bwana hakumkataza." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita binti yake alete kijiko.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Mara mbili maumivu yalimzidi, ikabidi kipimo kiongezwe. Kuna siku alilia, na kuna siku alimkasirikia Mungu, kama Ayubu. Lakini siku ya tatu aliweza kulala kitandani. Baadaye aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Daktari, hapo awali nilikuwa na ombi moja tu, kwamba kuche. Sasa nawaombea na wengine." Aliaga dunia baada ya miezi minne, binti yake akiwa amemshika mkono, na wote wawili walikuwa wamepata usingizi.

Ninyi wachungaji na wenye vikundi vya maombi, mkimtembelea mgonjwa, kabla ya kuimba mwulizeni alilalaje. Nanyi jamaa, akisema anaumwa, msimwambie ajikaze. Nasi madaktari tuache kuwaambia watu kwamba hakuna la kufanya zaidi, kwa maana la kutuliza maumivu lipo daima.

Na wewe unayeugua unaposoma haya, kunywa dawa yako kisha usali. Mungu hatakupenda zaidi kwa kukosa usingizi.