«Je» au «nous»: nafsi ya nani?

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alinirudishia sura ya kwanza ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Kila nilipoandika «je», alikata kwa wino mwekundu na kuweka «nous». Nilipouliza sababu, alijibu: «Ni unyenyekevu, kijana wangu.»

Darasani tunasikia kwamba mtu wa Magharibi ni nafsi inayojitegemea, na wa Mashariki ni nafsi iliyofungamana na wengine. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1991, Hazel Markus na Shinobu Kitayama walipolinganisha hasa Wamarekani na Wajapani. Wengi hutafuta ushahidi katika lugha. Mjapani huweza kuacha kabisa neno la «mimi», na akilitumia hulichagua kufuatana na anayesema naye: mwanaume husema watashi mbele ya mkubwa wake kazini, ore kati ya marafiki, na kwa mtoto wake hujiita otōsan, yaani «baba».

Ukweli huo naukubali. Haraka ya kuufasiri siikubali. Kuacha kiwakilishi si kukosa nafsi. Waitalia na Wahispania nao hukiacha, na hakuna anayewaita watu wa Mashariki. Katika «nafikiri», mimi nimo tayari ndani ya kiambishi. Na baba anayemwambia mtoto «baba anakuja» yuko Lubumbashi kama alivyo Tokyo. Tena, Kifaransa cha Descartes, aliyejenga falsafa yake ya mwaka 1637 juu ya «je» anayefikiri, ndicho kilichotufundisha kujificha nyuma ya «nous».

Katika ramani hiyo ya pande mbili, sisi tuko wapi? Mara nyingi tunawekwa upande wa Mashariki bila kuulizwa. Nyumbani naitwa yaya: wadogo zangu ndio walionipa cheo hicho. Lakini nikishindwa mtihani, hakuna anayesema yaya ameshindwa. Wanataja jina langu. Nafsi zote mbili ni zangu.

Ndugu wanafunzi, nchi yetu ina lugha zaidi ya 200. Tuziulize kwanza: nani anaitwa kwa jina lake, nani kwa jina la mtoto wake, na wakati gani? Hapo ndipo tutakuwa na neno letu la kuwaambia wenye nadharia.

Mimi nimeamua. Nitaandika «nous» pale ambapo wazee walionipa maneno yao wanasema pamoja nami, na «je» pale ambapo kosa linaweza kuwa langu. Huo nao ni unyenyekevu.