Mashine Ikome Wapi? Funzo la Kitako cha Bunduki

Katika Marekani na Ulaya wako watu wengi ambao, baada ya kazi za kutwa, hujifungia katika vibanda vyao vya useremala na kuunda kwa mikono yao kitako cha bunduki ya kuwindia. Wengi wao hawaanzi na gogo. Hununua kitako ghafi, yaani kipande cha mbao kilichokwisha chongwa na mashine hadi karibu na umbo lake la mwisho. Nje kimeachiwa unene wa ziada, na ndani mifereji ya kulaza mtutu na vyuma imeachwa finyu kidogo. Sehemu kubwa ya mbao isiyotakiwa imekwisha ondolewa. Inayobaki ni kazi ya patasi, tupa, msasa na mafuta, nayo huweza kumaliza majuma kadhaa. Asiyejua mambo hayo atauliza: ikiwa mashine imefika huko kwa muda mfupi, kwa nini isiikamilishe kazi yenyewe?

Swali hilo linastahili kuulizwa katika kila karakana ya shule, kwa sababu jibu lake linahusu elimu ya ufundi na pia biashara ya miti ya Afrika Mashariki.

Kerezo lililonakili

Kwa karne nyingi kitako kilikuwa kazi ya tezo, randa na patasi. Umbo lake halina mstari mnyofu wala duara kamili, na kerezo la kawaida hutoa vitu vya mviringo tu, kama vile miguu ya kitanda. Aliyeondoa kikwazo hicho ni Thomas Blanchard (1788–1864), fundi wa jimbo la Massachusetts, aliyepewa hataza ya mashine yake mwaka 1819.

Mashine hiyo ilifanya kazi kwa kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuielewa. Kiolezo cha chuma, chenye umbo linalotakiwa, na kipande cha mbao hufungwa katika kiunzi kimoja na kuzungushwa pamoja polepole. Gurudumu laini hugusa kiolezo. Gurudumu la pili, lenye visu na kipenyo kilekile, huzunguka kwa kasi kubwa na kugusa mbao. Mahali kiolezo kinapovimba, visu huwekwa mbali na mbao huachwa nene. Mahali kinapobonyea, visu huzama. Basi umbo la chuma huhamia kwenye mti bila fundi kupima kitu chochote.

Blanchard alifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Springfield, na katika miaka ya 1820 aliunda mfululizo wa mashine 14, kila moja ikitenda hatua yake katika kukitengeneza kitako. Katika miaka ya 1850 Uingereza ilinunua mashine za aina hiyo kutoka Marekani kwa ajili ya kiwanda chake cha Enfield. Kanuni hiyohiyo ilitumika baadaye kutengeneza vitu vya amani: mipini ya shoka, tindi za magurudumu na vinyago vya mguu vya washona viatu. Siku hizi kiolezo cha chuma mara nyingi kimegeuka kuwa orodha ya namba ndani ya kompyuta, lakini wazo ni lilelile.

Sababu za kukoma

Wachongaji wa vitako vya kuagizwa hukoma kabla ya mwisho kwa sababu nne, na hakuna hata moja iliyo ya uvivu.

Sababu ya kwanza ni ya jiometria. Kisu kinachozunguka hakiwezi kuchimba pembe iliyo kali kuliko duara lake chenyewe. Kila kona ya ndani hubaki na mviringo, na patasi peke yake ndiyo iwezayo kuinyosha.

Ya pili ni vyuma. Bunduki za zamani zilikwaruzwa kwa tupa na mafundi mbalimbali, hivyo mbili za aina moja hazilingani kabisa. Mpenzi wa ufundi hupaka mtutu masizi, huulaza katika mfereji, huuinua, kisha hukwangua pale tu palipochafuka. Hurudia hivyo mara nyingi sana, hadi mbao na chuma viwe vimegusana kila mahali.

Ya tatu ni mwili wa mtumiaji. Urefu wa mkono, upana wa bega na urefu wa shingo havifanani kwa watu wawili, na kitako hukatwa kwa kumfuata mwenyewe.

Ya nne ndiyo nzito kupita zote: mti haujatulia. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Mti wa jozi mweusi, unaopendwa mno kwa kazi hii, husinyaa kwa takriban asilimia 7.8 kufuata mizunguko ya miaka yake, tangu ukiwa mbichi hadi ukaukapo kabisa. Kipande cha upana wa milimita 50 kikishuka kutoka unyevu wa asilimia 12 hadi 6 hupungua kwa takriban robo tatu ya milimita. Fundi anayetafuta mgusano ulio sahihi kwa sehemu ya kumi ya milimita hawezi kudharau badiliko hilo. Kwa hiyo kitako ghafi hupumzishwa katika hewa ya nyumba kitakamotumika, ndipo hukatwa kwa mara ya mwisho.

Yaonekana basi kwamba sehemu ya mwisho ya kazi si masalio ya sehemu ya kwanza. Mashine hunakili kile kinachofanana katika vitako vyote. Mkono hushughulikia kile ambacho kila kitako kinacho peke yake. Maarifa ya vyuma, ya mwili wa mtu na ya tabia ya mti hukutana hapo mwishoni, na thamani ya kifaa hukutana hapo pia.

Mpingo na hesabu yake

Jambo hili lina ndugu yake Afrika Mashariki. Mpingo, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Dalbergia melanoxylon, ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Ndio mti mashuhuri kuliko yote kwa kutengenezea zumari za Kizungu ziitwazo klarineti na oboe. Tanzania na Msumbiji ndizo chimbuko lake kuu. Magogo hukatwa katika viwanda vya mbao, sehemu zenye ufa, fundo au mti mweupe hutupwa, na vinavyosafirishwa kwenda ng'ambo ni vipande vidogo vya mraba au vya mviringo. Huko hukaushwa kwa muda mrefu, hutobolewa, hukerezwa na kupewa sauti. Sehemu ndogo tu ya gogo hufikia hatua hiyo.

Kwa maneno mengine, nchi inayootesha mpingo hufanya kazi ya kerezo la Blanchard, na sehemu ya mwisho huwaachia wengine. Mpenzi wa ufundi wa Marekani hulipa ili abakiziwe sehemu hiyo, kwa kuwa anaijua thamani yake. Si busara kwa nchi kuitoa bure.

Watakuwako watakaojibu kwamba klarineti haitengenezwi kwa kutamani tu, na jibu lao ni la haki. Chombo hicho hudai vyuma vidogo vya usahihi mkubwa, masikio yaliyofunzwa, na soko ambalo huamini majina ya zamani. Kiwanda kitakachojengwa kwa haraka bila mambo hayo kitaharibu mpingo mzuri, na mpingo hukua polepole sana. Lakini jibu hilo halisemi kwamba safari isianzwe. Husema kwamba ianze mahali pake, nako ni kumjua mti.

Wajibu wa karakana ya shule

Mafunzo mengi ya useremala humpa mwanafunzi mbao, msumeno na mchoro, kisha humpa alama kwa kiti kilichosimama. Ni mara chache anapoulizwa mbao hiyo ina unyevu kiasi gani. Kumbe kipimo hicho hakihitaji zaidi ya mizani na joko. Kipande kidogo hupimwa, hukaushwa katika nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya. Kikiwa na gramu 250 mwanzoni na gramu 220 mwishoni, maji yaliyotoka ni gramu 30. Thelathini ukigawa kwa 220 hupatikana asilimia 13.6. Hesabu hiyo moja hukutanisha fizikia, hisabati na ufundi mezani pamoja.

Pia shule yenye kerezo la kawaida na mwalimu hodari yaweza kuunda mtambo mdogo wa kunakili, si kwa ajili ya vitako vya bunduki, ambavyo havina nafasi shuleni, bali kwa ajili ya mpini wa jembe na wa shoka. Mashine na ikomee milimita mbili kabla ya mwisho. Kisha mwanafunzi aupime mpini kwa mkono wa atakayeutumia, afuate nyuzi za mti, aukwangue, auchomeke katika jembe na kuona mahali unapolegea. Alama na zitolewe kwa milimita hizo mbili.

Wako wanaohofu kwamba mashine huua ufundi, nao wana ushahidi: wachongaji wa mkono wa Springfield walipoteza kazi yao. Wako pia wanaodhani kwamba mashine ikinunuliwa, ufundi umekuja nayo. Kitako ghafi kinawakosoa wote wawili. Mashine ilichukua uchovu wa kazi, ujuzi ukabaki unadaiwa vilevile, na yeyote asiyeuandaa atanunua daima kutoka kwa aliyeuandaa. Kijana anayejifunza leo kwa nini mpini wake ulilegea wakati wa kiangazi ndiye atakayeweza kesho kuambiwa akaushe mpingo.