Wastani wa Nani?

Ndugu msomaji, mimi ninayo karatasi inayosema sina akili. Nimeiweka ndani ya daftari ninaloandikia riwaya yangu, kwa hiyo kila nikifungua sura mpya nakutana nayo: "Uwezo wa kufikiri: chini ya wastani." Imepigwa mhuri. Na kwetu huku, kitu kikishapigwa mhuri, hata aliyeonewa huanza kukiamini.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Ikombe kuvua usipa na kaka zangu. Siku moja nikasikia kuna nafasi za ukarani katika ofisi moja mjini. Nikapanda mtumbwi hadi Matema, nikadandia gari, nikafika nina vumbi mpaka kwenye kope. Tulikuwa vijana kama arobaini. Badala ya usaili tuliouzoea tukagawiwa kitu kinachoitwa jaribio la saikolojia. Kiingereza kitupu, picha, dakika ishirini, na hakuna kuuliza.

Swali moja lilikuwa na picha nne: chungu, ndoo ya plastiki, gudulia na bonge la udongo. Tuzungushie duara kitu kisichohusiana na vingine. Mimi bila wasiwasi nikazungushia ndoo. Jamani, mtoto wa Ikombe ataacha kuiona hiyo? Chungu ni udongo, gudulia ni udongo, udongo ni udongo. Ndoo imekuja na gari! Kumbe nimechemsha. Baadaye msimamizi alipotusomea majibu tukaambiwa jibu ni bonge la udongo, kwa sababu vile vingine ni vyombo vya kuwekea vitu. Nikanyoosha mkono, nikaeleza sababu yangu. Akanijibu: "Kijana, jibu ni hilo lililoandikwa." Basi. Kazi imekwenda, na akili yangu imekwenda nayo.

Sasa sikiliza. Siandiki hapa kulilia kazi. Waliokosa kazi tuko wengi, na kijiwe hakijawahi kumfukuza mtu. Naandika kwa sababu watu wengi, wakiwemo wasomi, wanalitumia neno "wastani" kama rungu bila kujua lina maana gani. Nami nikaenda kulisoma. Nimeazima vitabu, nimesoma kwa koroboi na kwa simu. Niliyoyakuta yamenikasirisha zaidi ya ule mhuri.

Kwanza, mambo ya msingi. Bibi yangu ni mfinyanzi, kama walivyo wanawake wengi wa Kikisi wa ufukwe wetu, ambao vyungu vyao hushuka kila Jumamosi katika soko la Lyulilo na kusafiri mpaka Mbeya na mbali zaidi. Bibi hajasoma saikolojia, lakini upimaji anaujua kuliko yule msimamizi. Chungu kikitoka motoni anakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri ni kizima. Kikitoa sauti ya kukoroma kina ufa, hata kama jicho haliuoni.

Katika kugonga kule mna mambo manne ambayo kila kipimo halali lazima kiyatimize.

La kwanza ni uthabiti. Chungu kile kile kikigongwa leo na kesho, na bibi au na shangazi, kitoe sauti ile ile. Kipimo kinachompa mtu alama tisini Jumatatu na hamsini Alhamisi, naye hajabadilika, si kipimo bali ni bahati nasibu.

La pili ni uhalali, yaani kipimo kipime kile kinachodai kupima. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani uthabiti unatosha. La hasha! Mizani ya mlanguzi wa mchele inayoiba nusu kilo kila siku ina uthabiti mkubwa sana. Haibadiliki hata chembe. Lakini inasema uongo ule ule kila siku. Jaribio langu la Kiingereza lilipima Kiingereza, mwendo wa kalamu na mazoea ya picha za vitabuni, kisha likatangaza kwamba limepima kufikiri.

La tatu ni masharti sawa. Bibi hagongi chungu kilicholowa maji, maana kitatoa sauti nzito ingawa ni kizima. Hukisubiri kikauke. Mtoto aliyetembea kilomita nyingi bila uji, au kijana aliyelala stendi, ni chungu kilicholowa. Ukimgonga asubuhi ile unasikia maji, humsikii yeye.

La nne ni wastani wenyewe. Bibi hashindanishi kijungu cha mboga na mtungi wa maji. Chungu hulinganishwa na wenzake. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye siri kubwa. Ile namba maarufu inayoitwa IQ si kiasi cha akili kama kilo za mchele. Ni nafasi yako katika foleni ya watu waliopimwa kabla yako. Watengenezaji huchagua kundi, hulipima, kisha hupanga hesabu ili wastani wa kundi hilo uwe 100, na kiasi cha theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Kwa hiyo ukiambiwa "chini ya wastani", swali la kwanza la mtu mwenye akili ni moja tu: wastani wa nani? Nani walikuwa kwenye foleni ile? Walizungumza lugha gani? Walikula nini asubuhi?

Mimi kabla sijafika kwenye swali la ndoo nilikuwa nimepitia lugha nne: Kikisi cha bibi, Kinyakyusa cha sokoni, Kiswahili cha shule ya msingi na Kiingereza cha sekondari. Hakuna aliyenipa alama kwa safari hiyo.

Wapo watakaosema, "Huyu mvuvi anabishana na sayansi." Haya, tuiulize hiyo sayansi. Alfred Binet, Mfaransa aliyetunga jaribio la akili la kwanza lenye manufaa mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alitaka kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni ili wasaidiwe. Mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa kisichoongezeka. Lakini kipimo kikatoka mikononi mwake. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Robert Yerkes na wenzake waliwapima askari zaidi ya milioni moja na nusu, na baadhi ya maswali yalihusu bidhaa na michezo ya Marekani. Wahamiaji waliofika juzi tu kwa meli wakaonekana wajinga. Sasa hapo kilichopimwa ni akili, au ni muda uliokaa Marekani?

Na kwetu? Nairobi ya miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikuwa akitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Palikuwa na mizani, palikuwa na namba, palikuwa na makoti meupe. Ukweli ndio haukuwepo. Kwa hiyo mtu akikuletea namba usipige magoti haraka. Uliza imetoka wapi.

Lakini sayansi hiyo hiyo, ikifanywa na watu waungwana, inatutetea. Mwaka 1979 Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alichapisha utafiti ambao ningetamani ubandikwe kila shule. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, ule ambao watoto wa Zambia huutumia kuunda vigari, Wazambia walishinda. Na kwa udongo? Wakalingana! Mjukuu wa mfinyanzi niliposoma hapo niliruka juu. Umbo ni lile lile na watoto ni wale wale, lakini ukibadilisha kifaa mkononi, mshindi naye anabadilika. Sasa yule aliyeamua kwamba akili ipimwe kwa kalamu peke yake, alimuuliza nani?

Hapa hapa Tanzania, Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima wanafunzi, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyaendea maswali ya aina ile, wakawapima tena. Matokeo yalitoka mwaka 2002: alama zilipanda kuliko za wenzao ambao hawakufundishwa. Maana yake ni kwamba alama ya mara ya kwanza ilikuwa inaficha uwezo uliokuwepo siku zote. Na kule Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko watoto wa umri ule ule waliopimwa mwaka 1984. Miaka kumi na minne tu! Damu ya watu wa Embu haikubadilika. Watafiti walitaja lishe bora, wazazi waliosoma zaidi, na familia zilizopungua ukubwa. Kumbe mlo na daftari vinaweza kupandisha kile tulichoambiwa ni maumbile.

Sasa najua baadhi yenu washikaji mmeshaanza kushangilia: "Sawasawa! Vipimo vyote vichomwe moto!" Hapana. Hapo nami nawageukia.

Kipimo kikiondoka, nani anakaa kwenye kiti chake? Mjomba! Bila jaribio lolote, kazi ya ukarani itakwenda kwa mtoto wa mkubwa, na nafasi ya masomo itakwenda kwa anayejua kubisha hodi usiku. Mtihani wenye haki, pamoja na ubaya wake wote, umewatoa watoto wa wakulima wa kakao na mpunga wa Kyela na kuwafikisha walikofika. Na yule mtoto asiyesikia vizuri, au ambaye herufi zinamchanganya, bila kupimwa ataitwa mvivu na kuchapwa mpaka aache shule. Huyo anahitaji kipimo ili asaidiwe, kama Binet alivyokusudia.

Ninachokataa ni kipimo kisichojieleza. Tunakumbuka wote mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikalia. Mwezi Mei Serikali ikatangaza kuyafuta na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika miaka ya nyuma, na ufaulu ukapanda. Tafakari, ndugu msomaji. Vijana ni wale wale, karatasi ni zile zile, majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kupanga alama. Kuna waliolala wakiwa sifuri wakaamka wamefaulu bila kushika kalamu. Je, akili iliwaingia usiku?

Na sisi tunaoandika humu tusijifanye watakatifu. Sisi nasi ni wapimaji. Hebu tazameni hadithi zetu. Mjinga wa hadithi huwa anatoka wapi? Shamba. Anazungumzaje? Kwa lafudhi ya kwao, ili msomaji wa mjini acheke. Mwerevu je? Anachomekea Kiingereza. Tumempima mhusika kwa swali moja, tukampiga mhuri, tukaendelea na mapenzi. Wengine siku hizi wanajibu maswali kumi kwenye simu, wanaambiwa wao ni watu wa aina fulani, kisha wanaandika wahusika wa aina hiyo hiyo kama matofali. Huo ni uvivu. Riwaya ina nafasi ambayo jaribio la dakika ishirini halina: inaweza kumuuliza mtu kwa nini amezungushia ndoo, ikakaa kimya, ikasubiri jibu.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na si makubwa. Anayetupima atuambie anapima nini. Atuambie tunalinganishwa na akina nani. Atupime kwa lugha tunayofikiria, au akiri kwamba anachopima ni lugha. Asiamue maisha ya mtu kwa karatasi moja ya asubuhi moja. Na tukinyoosha mkono kueleza sababu ya jibu letu, atusikilize, kwa maana sababu ndiyo kufikiri kwenyewe.

Nilipomweleza bibi habari ya swali lile alikuwa anakanda udongo. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo aliyesema udongo si mwenzake chungu, yeye ameshawahi kufinyanga?" Nikamwambia sidhani. Akasema, "Basi msamehe, lakini usimwachie chungu akigonge."

Karatasi yangu sijaichana. Itabaki katika daftari mpaka riwaya iishe. Mwenye kunipinga na alete hoja, namsubiri katika kurasa hizi hizi. Ila akianza na neno "wastani", ajue swali langu ni lipi.