Mboni Nyeupe Katika Picha ya Mtoto

Simu za kamera zimepanda milima ya Uluguru hadi Mgeta na Matombo, na picha za watoto hazihesabiki. Leo tunawasihi wazazi wazitazame macho, si nguo za sikukuu pekee.

Mboni ya jicho ni tundu la kupitishia nuru: gizani hutanuka, mwangani husinyaa. Mwanga wa flashi huingia kabla mboni haijapata kusinyaa, ukagonga nyuma ya jicho penye mishipa ya damu. Ndipo mboni huonekana nyekundu pichani. Ikionekana nyeupe, hiyo ni ishara. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni saratani, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5.

Bryan Shaw, mkemia wa Marekani ambaye mwanawe aliugua saratani hiyo, alishiriki kuunda programu ya simu inayoutafuta weupe huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kwa watoto 16 kati ya 20 waliokuwa na maradhi ya macho, programu iliuona weupe katika picha zilizopigwa kabla daktari hajayagundua.

Picha moja si hukumu. Pembe ya kamera nayo hudanganya. Lakini weupe ukijirudia, au mtoto akianza makengeza, mteremsheni Morogoro mjini kwa daktari wa macho, msingoje dawa za matone wala mitishamba. Saratani hii ikiwahiwa hutibika. Ikicheleweshwa hufuata mshipa wa jicho hadi ubongoni. Mtoto ni amana.